Kiti cha Mgeni

Asubuhi moja mama mmoja alibisha hodi ofisini kwetu, mtoto mgongoni, kiberiti mkononi. Ndani ya kiberiti kulikuwa na choo cha mtoto. Alikuwa ametoka Matogoro kwa miguu, na alipoona kibao cha MAABARA mlangoni alimshukuru Mungu kwamba leo hatapanga foleni hospitali.

"Mama, sisi hatupimi choo," nilimwambia.

"Haya, damu je?"

"Hata damu hatupimi."

"Sasa mnapima nini?"

Nilisimama nikitafuta jibu lililo sahihi kabisa. Wakati natafuta, mtoto akaanza kulia, na yule mama akageuka akaondoka na kiberiti chake. Siku nzima niliendelea kulitunga lile jibu. Ndivyo nilivyo. Mtu akishaondoka ndipo sentensi yangu inakamilika.

Hatukuwa na chupa wala darubini. Tulikuwa na chumba kimoja mjini Songea, nyuma ya duka la mitumba, mashine ya chapa, redio-kaseti, kabati la kaseti lenye kufuli, na watu wanne waliochoka. Chuo Kikuu kilikuwa kimemtuma Daktari, mwanamke, daktari wa vitabu si wa sindano, kuchunguza watu wenye asili zaidi ya moja: mtu ambaye baba yake ni wa huku na mama yake wa kule, anajiitaje, wenzake wanamwitaje, akifa anazikwa na nani. Wafadhili wa ng'ambo waliuita mradi huo maabara, na Daktari akaona neno hilo lisiguswe, maana petroli ilikuwa inatoka kwao.

Mimi nilikuwa mchapaji. Darasa la saba nilimaliza, sikuchaguliwa, na baada ya hapo nilijifundisha mwenyewe kila nilichoweza kukishika mkononi. Kamusi niliyokuwa nayo ilikuwa imepoteza kurasa za mwanzo, kwa hiyo Kiingereza changu kilianzia katikati ya herufi C, na mpaka leo maneno ya A na B yananitia wasiwasi. Kuchapa nilijifunza kwa mashine ambayo baba alipewa na chama cha ushirika kilipompunguza kazi. Ilikuwa miaka ya watu kupunguzwa. Maduka ya mjini yalikuwa yamejaa sabuni na sukari, vitu ambavyo mama yangu aliwahi kuvipangia foleni tangu alfajiri, na sasa watu walisimama mbele ya rafu wakivitazama tu, kisha wakaenda zao.

Baba yangu ni Mmatengo, Mkatoliki. Mama ni Myao wa upande wa Namtumbo, Mwislamu. Daktari aliponiajiri, alinihoji mimi kwanza ili kujaribu redio-kaseti. Aliniuliza najiona nani. Nikamjibu kwa dakika nyingi, nikaeleza Krismasi na Idi, nikaeleza bibi huyu na bibi yule, na alipozima mashine nikamuuliza, "Nimekosa wapi?" Alicheka mpaka akavua miwani. Mimi sikucheka. Nilikuwa nataka kujua kweli.

Wa tatu kati yetu alikuwa kijana wa shahada ya pili, mzaliwa wa Kariakoo, tuliyemwita Kaka. Aliposikia swali la kabila alisema kabila lake ni Dar es Salaam. Alikuwa mchapakazi, mpole, na alikuwa na sheria moja aliyoirudia kila siku: kisichomo kwenye kaseti hakikusemwa. Mimi niliipenda sana sheria ile. Ilinipunguzia mzigo wa kukumbuka. Wa nne alikuwa dereva, mzee wa Kindendeule, mtu wa swala tano, aliyelala kila gari liliposimama na kuamka kabla hujamwita.

Sasa Daktari mwenyewe. Baba yake alikuwa Mngoni wa Maposeni. Akiwa kijana aliondoka na manamba wenzake kwenda kukata mkonge Tanga, na hakurudi tena. Huko aliishi na mwanamke ambaye baba yake alikuwa Mwarabu mwenye duka na mama yake Mbondei. Daktari alizaliwa kambini, katikati ya mkonge. Alikuwa mweupe, pua ndefu, nywele za kulala. Tanga walimwita Mngoni. Alipofika Songea kila mtu akamwita Mwarabu. Muuza nyanya sokoni alimpandishia bei kwa sababu hiyo, kisha akampunguzia kwa sababu hiyo hiyo, maana alimwona mnyonge wa kupatana.

Siku moja tulikuwa wawili ofisini, umeme umekatika, nasubiri urudi ili niendelee kusikiliza kaseti bila kumaliza betri. Akaniambia, kama mtu anayetaja hali ya hewa:

"Mdogo wangu, unajua kwa nini nilichagua Songea? Wenzangu waliniambia niende Zanzibar, kule mchanganyiko umejaa. Mimi nataka wale wa Maposeni waniite mtoto wao. Mara moja tu. Hata kwa kunitukana."

Nikamuuliza kama amewaambia.

"Nimewaambia nilipofika. Wameniletea kiti."

Nilikielewa kile kiti baadaye, nilipoanza kufuatana naye. Nyumbani kwa baba yake mdogo, ndugu pekee wa baba yake aliyekuwa hai, kulikuwa na kiti kimoja cha mbao chenye mikono. Gari lilipoingia uwanjani, kabla hata ya shikamoo, kiti kilishatolewa ndani, kimefutwa vumbi, kimewekwa barazani. Mimi na Kaka tuliketi kwenye vigoda au mkekani na watoto wa nyumba. Daktari alikaa juu. Alipotaka kwenda jikoni kusaidia, wake wa binamu zake walimzuia: "Aa, mama, utachafuka." Baba yake mdogo, mzee mwenye kikohozi kirefu aliyevaa koti la jeshi hata jua likiwaka, alijibu maswali yote kwa adabu. Aliufafanua ukoo kuanzia juu. Alimtaja kaka yake aliyepotelea Tanga. Kisha akasema, "Na sasa tumepata bahati, tumetembelewa na wageni wa Chuo Kikuu." Na kuku akachinjwa.

Safari baada ya safari ilikuwa hivyo. Njiani kurudi Daktari aliegemeza kichwa kwenye kioo cha gari. Nami ofisini nilichapa: *wageni wa Chuo Kikuu*, nikarudia kusikiliza ili niwe na hakika kwamba hakusema neno jingine. Hakusema.

Mzee wa koti la jeshi alifariki wakati wa mavuno ya mahindi. Habari ililetwa na kijana mwenye baiskeli, naye aliifikisha kwa Daktari hivi: "Wamesema uambiwe, kama utapata nafasi."

Daktari alikaa juu ya meza yangu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Kama utapata nafasi," alisema. "Mtoto wa marehemu anaambiwa hivyo?"

Kaka aliuliza kwa sauti ya chini kama tubebe redio-kaseti. Msiba wa Wangoni, alisema, watani wa kabila jirani watakuja kuwachokoza wafiwa, na katika kaseti zetu zote hatuna hata dakika moja ya watani wakiwa kazini. Nilidhani Daktari atamfokea.

"Chukueni," alisema. "Si ndiyo kazi iliyotuleta."

Nafikiri alikuwa amechoka kuamua. Wote tulikuwa tumechoka. Mishahara ilikuwa haijafika, gari lilikuwa linavuja mafuta, na kila mtu tuliyemuuliza yeye ni nani alituuliza nasi tunampa nini.

Tulipofika Maposeni uwanja ulikuwa umejaa. Wanawake wa nyumba walikuwa ndani na kwenye mkeka mlangoni, khanga vichwani, miguu wameinyoosha. Daktari alivua viatu vyake kwenye kizingiti, viatu vyeusi vyenye kisigino kifupi alivyovinunua ng'ambo, akainama ili aingie. Binamu yake akamshika kiwiko. "Hapana mama, huku kuna joto." Na kiti kikatoka. Kikawekwa barazani, karibu na katekista na mwenyekiti wa kijiji. Akavaa viatu vyake tena, akakaa. Mimi nilijibana mwisho wa mkeka wa mlangoni, hatua chache kutoka kwake, na begi la kaseti mapajani. Kaka alisimama nyuma ya kiti akishika kipaza sauti chenye kofia ya sponji.

Watani walikuwa Wabena, wa upande wa Madaba, wengine wamekuja na lori la mahindi. Mkubwa wao alikuwa bibi mmoja mwembamba, hana meno ya mbele. Alikuwa amevaa koti la jeshi la marehemu. Alikohoa kikohozi cha marehemu, kirefu vilevile, mpaka wajane wakaanza kucheka katikati ya kilio. Aliingia jikoni akatoka na sufuria ya wali kichwani.

"Wangoni hawa waliwala babu zetu," alitangaza, "leo tunakula wali wao, na hata wali wenyewe mbichi! Nani amepika? We mnene, njoo hapa. Unalia nini, ulikuwa unampenda? Juzi si ulimnyima ugali!"

"Bibi, mwongo wewe!" yule mnene, mkwe wa marehemu, alijibu, huku akifuta machozi na kucheka.

"Toa khanga hiyo, utaikomboa kesho."

Akamvua khanga ya kichwani, akaifunga kiunoni mwake juu ya koti. Hivyo hivyo aliendelea na kila mtu wa nyumba. Huyu alipakwa unga usoni, yule alinyang'anywa kofia, mtoto mkubwa wa kiume wa marehemu aliambiwa amesimama kama jogoo aliyenyeshewa. Nilitambua kwamba bibi yule hakuwagusa wageni. Katekista alimruka. Mwenyekiti alimruka. Kisha akafika mbele ya kiti cha Daktari, akasimama, akainamisha kichwa upande.

"Na huyu Mwarabu amekalia kiti cha nani?"

Daktari hakusogea.

"Aa, msinifiche. Mimi nilimjua baba yake. Aliogopa jembe huyo! Akakimbilia mkonge wa wazungu. Tukamngoja, tukamngoja, tukasema ataleta baiskeli, ataleta hata blanketi. Mngoni amerudisha nini kutoka Tanga?" Akamshika Daktari pua, akaivuta. "Amerudisha pua!"

Uwanja mzima ulipasuka. Hata wajane. Hata katekista aligeukia ukutani. Nilimwona Daktari amefumba macho, na pembe za mdomo wake zinatetemeka, na sikujua kama ni kicheko au kitu kingine.

"Ondoka hapo juu, mwizi wa kiti. Mtoto wa marehemu anakaa juu? Shuka mkekani ukalie na wenzako. Au machozi nayo umeyaacha Tanga?"

Daktari aliweka mikono kwenye mikono ya kiti ili anyanyuke. Nilisogeza begi langu kumpisha. Na hapo nikaona kitufe cha mashine kimesharuka kitambo; upande wa kaseti ulikuwa umekwisha, na hakuna aliyeisikia *tak* yake.

Nakiri kwamba mkono wangu ulikuwa umeshaingia kwenye begi. Nakiri pia kwamba kilichonijia kwanza akilini kilikuwa ni maneno, yale ya pua na ya kiti, kwamba yamepotea na sitaweza kuyachapa. Lakini aliyesema ni Kaka. Alisema kwa upole wake wote, huku akiigeuza kaseti:

"Samahani bibi. Kaseti ilikuwa imeisha. Naomba urudie hapo, kuanzia kwenye baiskeli."

Bibi alimtazama. Kisha akaitazama sponji iliyokuwa karibu na kidevu chake, kama ndiyo kwanza anaiona. Akavua kichwani mwake ile kofia aliyomnyang'anya mtu wa nyumba. Akajifuta mdomo.

"Unisamehe baba," alisema, kwa sauti nyingine kabisa, sauti ya mtu aliye mbele ya dirisha la ofisi. "Sikujua ni mambo ya serikali. Sisi tunacheza tu." Akamgeukia Daktari, akapiga goti. "Mama, unisamehe. Kaa. Kaa tu kwenye kiti."

Kaka alijaribu kueleza kwamba si serikali, ni Chuo Kikuu. Ikawa mbaya zaidi. Binamu mmoja alikuja akafuta kiti kwa ncha ya khanga, Daktari akiwa bado amesimama nusu, na alipokwisha kufuta akampungia mkono akae. Daktari akakaa. Alikaa mpaka mazishi yakaisha. Watani walihamia upande wa pili wa nyumba, na tulisikia vicheko huko.

Tulipanda gari, tukaiacha njia ya Peramiho. Kisha mzee dereva akasema, bila kumtazama mtu, "Utani ni kama chafya, kijana. Huwezi kumwomba mtu arudie."

"Nimeelewa, mzee," Kaka alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo sana. Niliogopa kwamba atalia, na niliogopa zaidi kwamba nitatakiwa kumfariji.

Siku zilizofuata niliifanyia kazi ile kaseti. Upande wa kwanza uliishia kwenye *ataleta hata blanketi*. Upande wa pili ulianza na *Unisamehe baba*. Katikati hapakuwa na kitu. Kaka alikuja akaniambia anayakumbuka maneno yote, anaweza kunisomea. Nikamkumbusha sheria yake. Akasema sheria inaweza kulegezwa. Nikashindwa kuandika, na nikashindwa kuacha. Nilichapa ukurasa ule, nikauchana, nikauchapa tena, mara pana nafasi tupu, mara pana maneno kwenye mabano, na kila nilichoandika kilionekana kama uongo. Mwishowe nikampelekea Daktari anisaidie.

Aliiweka kaseti akasikiliza. Akairudisha nyuma akasikiliza tena. Baiskeli, blanketi, *tak*. Baiskeli, blanketi, *tak*.

"Acha nafasi," alisema.

"Kiasi gani?"

"Acha tu, mdogo wangu. Usipime."

Kwangu hiyo ilikuwa kama kuambiwa nitoke barabarani bila nguo. Niliacha.

Akasema Maposeni hatutarudi tena. Mahojiano yanatosha, tutahamia Namtumbo kwa wakulima wa tumbaku. Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, akiwa amekalia viganja vyake. Lakini siku ya kumaliza matanga ya marehemu ilipofika alikuja ofisini mapema, amevaa khanga mbili juu ya gauni na vile viatu vyeusi. Alichukua redio-kaseti kutoka kwa Kaka, akaifungia kabatini, akatia ufunguo kwenye pochi.

"Twendeni. Mtanisubiri."

Dereva alisimamisha gari kwenye mashine ya kusaga, mbali kidogo na nyumba. Daktari akashuka peke yake, akashika njia katikati ya mabua ya mahindi yaliyokauka. Alitembea vibaya, visigino vinazama. Hakugeuka.

Tulikaa. Mashine ya kusaga ilikuwa inanguruma, unga unaelea mlangoni, kina mama wamepanga ndoo. Mzee dereva alilala. Kaka alivunja bua akalitafuna, akalitema.

"Unafikiri atakuwa amepewa kiti?" aliniuliza.

"Sijui."

"Mimi nilidhani nasaidia. Nilidhani hayo maneno ndiyo aliyokuwa anayatafuta miaka yote, sasa yanapotea hivi hivi."

"Hata mimi nilikuwa nimeshika kaseti nyingine," nikamwambia.

Alinitazama kwa mshangao, kisha akacheka kidogo kwa pua. Sikumwambia kwa wema. Nilimwambia kwa sababu lilikuwa linanikereketa tangu siku ile.

Jua lilikuwa limehamia upande wa pili wa gari Daktari alipotokea. Kwanza sikumtambua, maana khanga moja haikuwapo. Nywele zake zilikuwa nyeupe kwa unga, na unga mwingine ulikuwa umeshikana na jasho shavuni. Miguu ilikuwa mitupu, imejaa vumbi hadi kwenye vifundo, na alikuwa anachagua pa kukanyaga kama mtu asiyezoea. Kina mama wa mashineni wakampisha, mmoja akamwambia, "Pole na watani, dada," naye akaitikia, "Asante."

Mzee alikuwa ameshaamka.

"Daktari, viatu?"

"Wamechukua."

"Turudi tuvidai?"

"Hapana. Bibi amesema nije mwenyewe kuvikomboa. Amesema nije na ndizi za Tanga, na zisiwe mbivu."

Kaka alifungua mdomo. Nilijua anachotaka kuuliza, kwa sababu nami nilikuwa nacho mdomoni: walisema nini, maneno yenyewe hasa yalikuwaje, yalianzia wapi. Alitazama chini, akaufunga mdomo. Nami nikaufunga wangu, na sijawahi kuuliza hata baada ya hapo, na mpaka sasa ninapoandika haya lile pengo linaniwasha.

Daktari alipanda kiti cha nyuma, akapandisha miguu yake michafu juu ya begi langu la kaseti. Nilitaka kulivuta. Kabla hatujafika kwenye lami alikuwa amelala, mdomo wazi, unga ukimdondokea begani kila gari lilipoingia kwenye shimo. Mzee akapunguza mwendo.